Nyumba ya shamba ya mawe na chokaa: simenti inavimba, boriti zimeanguka. Tubomoe?

Swali: "Assalaam alaykum. Tuna nyumba ya marehemu babu iliyo shambani Unguja, nje ya mji, katikati ya mikarafuu. Ni ya ghorofa moja, ya mawe na chokaa, juu imeezekwa bati. Mwaka 2016 tulichangishana tukapiga lipu ya simenti ndani na nje, na kuta za chini tukazipaka rangi ya mafuta hadi usawa wa kifua ili unyevu usipande. Sasa hali ni mbaya kuliko mwanzo. Rangi inavimba, unga mweupe unatoka, kila Masika ukuta unalia maji, na unyevu umeshapita juu ya ile rangi. Mwezi uliopita boriti mbili za chumba cha pembeni zimeanguka na kifusi chake. Shangazi yetu bado anaishi chini. Fundi anasema nyumba imekufa: tuvunje sakafu ya juu tumwage zege la nondo, kisha kuta zipakwe dawa ya kuzuia maji. Wengine katika ukoo wanataka ibomolewe yote tujenge ya matofali. Wengi wetu tuko Maskati, tunaona picha tu. Tufanye nini?"

Jibu:

Wa alaykum salaam. Habari ya lipu na rangi itangoja kidogo. Shangazi ahame leo. Si lazima atoke nyumba nzima, ila atoke chumba kile cha pembeni na chumba chochote kinachoshiriki nacho sakafu ya juu, na mlango upigwe kufuli. Juu ya sakafu hiyo asipite mtu, hata fundi anayetaka kuchungulia tu. Sakafu ya zamani ya boriti, vijiwe na chokaa huwa na unene wa sentimita 25 hadi 35, na kila mita ya mraba ina uzito wa karibu kilo 500 hadi 600 ikiwa kavu. Chumba cha mita 3 kwa 8 kina basi tani kama 13 juu ya kichwa cha anayelala chini. Boriti mbili zikianguka, jirani zake hubeba mzigo usio wao, na mara nyingi nazo zimeoza pale pale.

Kesho yake aitwe seremala mzoefu apige mirunda, yaani nguzo za muda za kuishikilia sakafu. Kazi ianzie upande uliosimama imara na kusogea kuelekea ulioanguka, kamwe si kinyume chake. Panahitajika mhimili wa mbao unaopita chini ya boriti zote, sentimita 50 hivi kutoka kila ukuta wa urefu, na mirunda ya kuubeba kila baada ya mita moja na robo. Mirunda isikae juu ya sakafu moja kwa moja. Itandikiwe ubao mrefu chini, kisha ikazwe kwa kabari hadi mhimili uguse boriti basi. Msijaribu kuinua sakafu iliyobonyea. Imebonyea taratibu kwa miaka. Ukiisukuma juu kwa siku moja itapasuka, na kifusi kitamshukia huyo huyo anayeisukuma.

Sasa tuje kwenye swali. Naona mna hofu tatu: kwamba pesa ya 2016 imepotea, kwamba nyumba haiponi, na kwamba dawa mliyoandikiwa sasa itakuwa shimo jingine la pesa. La kwanza ni kweli, na ni bora mlikubali mapema. La tatu nalo ni kweli mkifuata ushauri huo kama ulivyo. La pili ndilo ambalo, kwa dalili mlizozitaja, silioni. Mlichoeleza ni ugonjwa unaojulikana vizuri, na sehemu kubwa ya ugonjwa wenyewe ni ile tiba.

Ukuta wa nyumba kama hii si kitu kimoja kigumu. Una ngozi mbili za mawe ya matumbawe, moja ndani na moja nje, na katikati umejazwa vipande vya mawe, udongo mwekundu na chokaa kidogo. Unene wake kwa kawaida ni sentimita 50 hadi 60, kwenye nyumba kubwa hata zaidi. Jiwe la matumbawe limejaa matundu, linanyonya maji kama mkate unavyonyonya chai. Waashi wa zamani walilijua hilo na hawakushindana nalo. Walipiga lipu ya chokaa, ambayo nayo ina matundu, wakaiacha ipumue. Masika ukuta unakunywa; kaskazi ikivuma, jua na upepo vinayavuta yale maji yatoke kupitia lipu. Kila mwaka unalowa na kila mwaka unakauka. Ndivyo nyumba za mashamba zilivyosimama tangu karne ya 19, Sultani wa Omani, Seyyid Said, alipohamishia makao yake Zanzibar na mikarafuu ikaenea kisiwani.

Simenti ya kisasa haina pumzi hiyo. Mlipoipiga pande zote mbili na kuongeza rangi ya mafuta, mliufunika ukuta uliolowa kama mtu anavyofunika chungu. Maji hayakuacha kuingia, yalikosa pa kutokea tu. Na maji yaliyo ndani ya mawe hupanda kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, yakitafuta mahali penye hewa. Ukiziba mita moja ya chini, yatapanda mita moja na nusu. Ndiyo maana unyevu umepita juu ya rangi yenu. Ile rangi haikushindwa kazi: ilizuia kweli, ikayasukuma maji juu.

Kuna na jambo la pili, ambalo watu wengi hulisahau. Simenti ni ngumu na haijui kunyumbuka, na ukuta wa mawe na udongo hutanuka na kusinyaa kidogo kila siku kwa jua na baridi ya usiku. Lipu hiyo hupata nyufa nyembamba kama unywele. Mvua inayopigwa na upepo hunyonywa na ufa kuingia ndani, kisha haiwezi kurudi. Ufa wa namna hiyo ni mlango wa kuingilia tu. Maji yakikaa huko kwa miaka, udongo mwekundu wa katikati hulainika na kushuka, ngozi mbili za ukuta zinaachana, na ukuta unaanza kutoa tumbo. Hapo ndipo nyumba inapokuwa hatari kweli.

Huo unga mweupe ni chumvi. Imetoka ardhini, kwenye mawe yenyewe ambayo asili yake ni bahari, na pengine kwenye mchanga wa pwani uliochanganywa na lipu. Maji yakifika karibu na uso na kukauka, chumvi inabaki na kuwa fuwele, na fuwele zinapokua ndani ya matundu zinapasua lipu na jiwe kutoka ndani. Chumvi ya kawaida ina tabia nyingine: unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 75, inanyonya maji kutoka hewani na kuyeyuka. Kwa hewa ya Unguja hilo hutokea mara nyingi. Hivyo ukuta unaweza "kulia" hata siku isiyo na mvua. Jambo hilo limewadanganya wengi wakachimba kutafuta bomba linalovuja na wasilione.

Kabla ya kugusa lipu, tafuteni maji yanaingilia wapi. Kwa nyumba za shamba majibu ni yale yale: bati, mfereji, na usawa wa ardhi. Hesabu ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200, mvua ya milimita 50 ikinyesha asubuhi moja ya Masika, linamwaga lita 10,000. Kama hakuna mfereji, maji yote hayo yanaangukia mguu wa ukuta, yanachimba, yanaruka na kuulowesha ukuta hadi nusu mita juu. Kona ambayo boriti zimeanguka ndiyo ningeiangalia kwanza. Bila kuiona, nakisia kwamba juu yake kuna bati lililotoboka kwenye misumari, kofia ya paa iliyofunuka, au mfereji uliokatika.

Kuhusu ardhi, chukueni kamba na pima maji, mlinganishe sakafu ya ndani na udongo wa nje. Miaka mia ya majani, majivu, kifusi na makumbi imeinua udongo unaozunguka nyumba nyingi za mashamba, mara nyingine nje pakawa juu kuliko ndani. Udongo huo uondolewe hadi ubaki sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu, kwa upana wa mita mbili kuzunguka nyumba, ukiinama kwenda nje angalau sentimita 5 katika mita hizo mbili. Msichimbe chini kuliko pale msingi unapoanza kuonekana, na msimwage zege kuzunguka nyumba "kuzuia matope". Zege hilo huziba pumzi ya ardhi, na unyevu wote wa chini hutafuta njia ndani ya ukuta. Kokoto zinatosha.

Boriti sasa. Mkoko na mkandaa ni miti migumu, na ikiwa mikavu huvumilia muda mrefu sana. Kinachoishinda ni kichwa chake kuzikwa ndani ya ukuta ulolowa. Mti ukizidi takriban asilimia 20 ya unyevu, kuvu huanza kuula. Kwa hiyo boriti inaweza kuonekana nzima katikati ya chumba, imara hata ukiigonga, na sentimita 20 zilizomo ukutani zikawa kama ugoro. Fundi achukue bisibisi ndefu, apande ngazi upande uliokwisha kupigwa mirunda, achome kila boriti pale inapoingia ukutani, chini na ubavuni. Ikizama sentimita moja au mbili bila kutumia nguvu, kichwa kimeondoka. Hiyo ifanywe kwa boriti zote za nyumba, na kila moja iandikwe namba kwa chaki. Atazame pia unga mwembamba wa fukusi na vichuguu vyembamba vya mchwa vinavyopanda ukutani. Mchwa naye anafuata unyevu.

Si kila boriti iliyoharibika lazima itolewe. Iliyooza kichwa tu inaweza kupewa mwenzake, mti mpya unaolala ubavuni mwake na kufungwa kwa boliti zisizoshika kutu, au mhimili mpya ukapita kando ya ukuta ukizibeba zote kwa chini. Ikibidi kubadilisha, jueni kiasi. Boriti hupangwa karibu karibu, kila sentimita 30 hivi kutoka kati hadi kati, kwa hiyo chumba cha urefu wa mita 8 kinakula karibu 27, yaani korija moja (ishirini) na saba. Nunueni zenye kibali cha misitu, maana mikoko inalindwa na ya magendo ikikamatwa mtapoteza mti na pesa. Vichwa vipakwe dawa ya borati, viingie ukutani kwenye tundu lenye nafasi ya vidole viwili vya hewa pembeni na nyuma. Fundi wa leo hupenda kuvizungushia simenti "vishike". Hapo anaanza upya mzunguko ule ule.

Sasa ushauri wa fundi wenu. Nataka kumtendea haki, kwa sababu hoja moja wanayopewa mafundi kama yeye si sahihi. Watu husema zege ni zito mno kwa nyumba ya zamani. Slabu ya sentimita 15 ina kilo kama 375 kwa mita ya mraba, ni nyepesi kuliko sakafu ya asili. Tatizo liko kwingine. Kwanza, ili slabu ikae lazima ukatwe mfereji mrefu ndani ya ukuta, na ukuta wenye udongo katikati ukikatwa urefu wake wote unaweza kuachana. Pili, boriti zimekuwa zikiziunganisha kuta mbili zinazotazamana. Siku mnapozitoa zote kwa pamoja, kuta hazina wa kuzishika. Tatu, slabu hutanuka kwa joto na kusukuma, na ukuta wa mawe hausukumiki mara nyingi ukarudi. Nne, nondo ndani ya ukuta wenye chumvi itashika kutu. Kutu huvimba kuliko chuma kilichoizaa, na zege litapasuka. Nyumba ya mawe na chokaa inaweza kuwekewa zege ikiwa mhandisi ameichora, ameweka nguzo zake zenyewe na mzigo hautegemei kuta za zamani. Hiyo ni nyumba mpya ndani ya nyumba ya zamani, na gharama yake ni ya nyumba mpya.

Kuna makosa madogo ya aina hiyo hiyo: kuongeza simenti juu ya sakafu ya zamani ili "kuinyoosha", kisha marumaru. Sentimita 5 tu za simenti ni kilo 115 nyingine kwa kila mita ya mraba, juu ya vichwa vya boriti ambavyo hakuna aliyevipima.

Dawa ya kuzuia maji isipakwe, iwe ya kopo au ya kudungwa kwa mashimo. Ya kudungwa imetengenezwa kwa kuta za tofali zenye mistari iliyonyooka. Kwenye ukuta wa mawe na udongo hupotea katikati isijulikane ilikokwenda. Ya kupaka ni rangi yenu ya mafuta yenye jina jipya.

Na kubomoa? Wanaosema hivyo si wajinga. Nyumba ya matofali mnajua bei yake, mafundi wapo kila kona, na shangazi atalala pakavu. Kama mhandisi atakuta kuta zimeachana kwa sehemu kubwa, huenda ndilo jibu. Ila uamuzi huo usitolewe kwa lipu iliyovimba. Mkumbuke pia kwamba kilichopo shambani si nyumba ya ghorofa peke yake. Kisima, birika la kuhifadhia maji, ghala na sakafu ya kuanikia karafuu ni sehemu ya jengo hilo hilo, na ndizo zinazoonyesha kazi ilivyofanywa na nani aliyeifanya. Mashamba ya wakati ule yalilimwa na watumwa, na hadhi ya kisheria ya utumwa haikufutwa Unguja na Pemba hadi 1897. Nyumba kubwa ikihifadhiwa na mabanda yakafagiliwa, inabaki nusu ya habari, tena ile nusu iliyovaa vizuri.

Kama mfuko hauruhusu matengenezo kamili, na familia nyingi ndivyo zilivyo, ipo njia ya katikati: isimamisheni nyumba ilipo. Bati lizibwe, mifereji iwekwe na maji yapelekwe mbali, udongo ushushwe, mirunda ipigwe, miti ing'olewe kwenye kuta. Lipu ingoje hata miaka mitatu. Nyumba yenye paa zima hungoja. Isiyo na paa haingoji. Maruhubi, kasri alilolijenga Seyyid Barghash nje ya mji mwanzoni mwa miaka ya 1880, iliungua 1899, mbao na paa vikaondoka, na leo kinachotazamwa zaidi ni nguzo.

Kwenye miti kuna tahadhari. Mtini mwitu uliootea ukutani usivutwe. Mizizi yake imeshakumbatia mawe, na ukiivuta inakuja na ukuta. Ukateni karibu na jiwe, kisiki kitobolewe na kutiwa dawa ya kuua mti, kiachwe kife na kukauka. Baada ya hapo ndipo tundu lijazwe chokaa na vijiwe.

Mkishamaliza maji ya juu na ya chini, anzeni kutoa simenti. Tindo na nyundo ndogo, kwa mkono. Mashine ya kutikisa isiingie nyumba hii. Gongeni kwanza kwa kifundo cha kidole. Inayolia tupu imeshaachana na ukuta na itatoka vipande vikubwa kama sahani. Iliyoshika jiwe barabara na kung'oa uso wake iachwe, itajiachia yenyewe baadaye. Anzeni na mita moja na nusu ya chini, nje na ndani, kipande baada ya kipande. Penye tumbo msivue kabisa kabla mhandisi hajafika. Na mkifika kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani) au ukingo wenye nakshi za chokaa, simameni. Nakshi kama zile za hamamu ya Kidichi, iliyojengwa 1850, ni chokaa tupu iliyochongwa kwa mkono, na tindo haizitambui. Sehemu hizo husafishwa kwa brashi laini na kisu cha mti.

Baada ya hapo, subira. Ukuta mzito hukauka kwa kadiri ya sentimita mbili na nusu kwa mwezi, kila upande. Ukuta wa sentimita 60 uliovuliwa pande zote mbili unataka mwaka mzima. Najua mtaambiwa nyumba imeachwa uchi na wageni wanaona. Chumvi itatoka kama unga. Ifagiliwe kikavu na kubebwa mbali, isioshwe kwa maji kwa sababu maji yanairudisha ndani. Penye chumvi nyingi pigeni lipu dhaifu ya chokaa moja kwa mchanga mnne, iacheni inyonye chumvi mwaka mmoja, kisha itoeni muitupe.

Lipu ya kudumu ni chokaa moja kwa mchanga mtatu, kwa ujazo. Mchanga uwe wa shamba, mkali, umeoshwa. Wa pwani unarudisha chumvi mliyoihangaikia mwaka mzima. Kuta zenye eneo la mita za mraba 100, kwa unene wa milimita 25 na kuhesabu mashimo ya mawe, zinataka karibu mita tatu za ujazo za mchanga na moja ya chokaa, yaani ndoo za lita 20 kama 150 za mchanga na 50 za chokaa iliyolowekwa ikawa laini kama siagi. Chokaa kutoka tanuuni ilowekwe kwa kuitia ndani ya maji, si kumwagia maji juu yake. Inachemka na kuruka, kwa hiyo miwani na glovu ni lazima, na ndoo ya maji safi iwe karibu kwa ajili ya macho. Ikae shimoni imefunikwa na maji angalau mwezi. Ikikaa miezi mitatu ni bora zaidi. Mkinunua ya unga ya mfukoni, pimeni kwa siki: ikitoa povu jingi, imeshageuka jiwe ndani ya mfuko na haitashika. Na kwa heshima ya wazee, hakuna haja ya mayai. Siri ilikuwa kuloweka na kungoja.

Ukuta ulowanishwe kwanza. Safu ya kwanza irushwe kwa mwiko, milimita 10, na mashimo makubwa yajazwe vijiwe, yasijazwe chokaa tupu. Ukucha ukishindwa kuacha alama, baada ya wiki moja hivi, pigeni ya pili, kisha ya mwisho nyembamba ya milimita 3 hadi 5. Kila safu ifunikwe magunia mabichi na kunyunyiziwa maji siku tano hadi saba. Chokaa haikauki kama nguo. Inashika kwa kuvuta hewa ukaa ikiwa na unyevu, kama milimita moja kwa mwezi, na ikipigwa jua la kaskazi siku ya kwanza inakuwa vumbi. Kipupwe, Juni hadi Septemba, ndicho kipindi chake. Rangi iwe chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mara nne au tano.

Kwa kingo za chini zinazorukiwa na mvua na kwa birika, sehemu moja ya mchanga ibadilishwe na unga wa matofali ya kuchoma: chokaa moja, mchanga miwili, unga mmoja. Mchanganyiko huo unashika hata penye maji. Ninyi wa Maskati mnaujua jamaa yake. Saruji ya asili ya Omani, iliyotumika kwenye mifalaji (mifereji ya kale ya maji) na ngome, ni udongo uliochomwa na chokaa, na jina hilo ndilo kwetu lililohamia kwenye mfuko wa simenti.

Mambo ambayo mimi kwa maandishi, na ninyi kwa picha, hatuwezi kuyaamua: ufa unaopitisha sarafu au ulio upande wa ndani na wa nje mahali pamoja, ukuta ambao timazi (uzi wenye uzito mwishoni) ikishushwa kutoka juu inaonyesha tumbo la zaidi ya sentimita 3, mlango uliofungika vizuri mwaka jana na mwaka huu unakwama, na sakafu yoyote ambayo zaidi ya boriti moja katika tano imeoza kichwa. Hapo aje mhandisi anayejua majengo ya mawe, aguse kwa mkono wake. Waashi waliozoea chokaa wengi wao hupatikana kwenye kazi za Mji Mkongwe. Ulizieni huko, na muombe kuona lipu waliyoipiga Masika mbili zilizopita, si ya wiki iliyopita.

Kabla ya yote hayo, nendeni kwa sheha na nyaraka zenu, kisha Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale mjue kama nyumba imeorodheshwa. Baada ya 1964 ardhi ilitaifishwa na mashamba mengi yakagawiwa kwa eka tatu tatu, kwa hiyo haki ya nyumba, ya ardhi na ya mikarafuu huenda hazimo katika karatasi moja. Ni vizuri hilo lijulikane kabla ya kununua korija ya kwanza.

Na shangazi, ambaye yuko karibu na ukuta kuliko sote, apewe penseli. Mwisho wa Masika achore mstari pale unyevu ulipofika, katika kuta nne tofauti, aandike tarehe. Afanye hivyo tena mwisho wa kaskazi. Kila ufa achore vistari viwili vifupi, kimoja kila upande, apime kati yake kwa rula na kuandika milimita pembeni. Picha za alama hizo, mwaka hadi mwaka, ndizo za kumtumia mhandisi.